Gogo Lililobeba Jina

"Moto upo?"

"Upo."

"Masikio yapo?"

"Yapo, yamekaa."

"Na atakayesinzia?"

"Tutamfinya."

Basi sogeeni, na mwenye moshi machoni abadilishane nafasi na jirani yake. Hadithi hii imepanda mlima, imefika ikihema. Tuipishe ikae.

Zamani, zamani ile ambayo watu na wanyama walikuwa bado wanaazimana chumvi, palikuwa na kijiji kiitwacho Ukunguni. Kilikuwa juu kabisa mlimani, mahali ambapo nguo ikifuliwa leo hukauka mtondogoo, na ikikauka huwa imesahau ni ya nani. Kulikuwa na baridi huko, na kwa sababu ya baridi kulikuwa na desturi.

Mwanamke akijifungua Ukunguni, moto wa nyumbani kwake hauzimwi mpaka atoke arobaini. Na moto huo haulishwi vijiti. Unalishwa gogo moja, zima, nene, linalolazwa kuanzia mlangoni hadi kwenye mafiga. Kichwa chake kinawekwa motoni. Likiungua linasukumwa kidogo, likiungua linasukumwa kidogo, likiungua linasukumwa kidogo, mpaka mama na mtoto wake watoke nje kuota jua. Hilo ndilo gogo la uzazi. Ni marufuku kulikata vipande. Kuna mtu aliwahi kuuliza kwa nini, akaambiwa anapenda sana kuuliza.

Hapo bado hakuna shida. Shida ni nusu ya pili ya desturi. Mwenye kifaa kilichovusha gogo kizingiti, huyo ndiye anayempa mtoto jina. Na jina ni neno la kwanza litakalomtoka kinywani gogo likishaingia ndani.

Sasa fikirini wenyewe. Mtu katoka kupigana na gogo kutwa nzima, jasho limemwingia machoni. Neno gani la kwanza litamtoka? Ndiyo maana Ukunguni palikuwa na mzee wa heshima zake aliyeitwa Bado Kidogo. Palikuwa na binti mrembo, anayeposwa kila mwezi, aliyeitwa Nipisheni. Palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Mguu Wangu na Maji Yako Wapi. Na kama moto ulizimika kabla gogo halijafika, mtoto aliitwa Majivu, bila mjadala. Walikuwapo Majivu Mkubwa, Majivu Mdogo, na Majivu wa Ng'ambo ya Kijito.

Katika kijiji hicho aliolewa Zawena.

Zawena alitoka chini uwandani, kwenye watu ambao mtoto akizaliwa hukaa, hunywa uji, hutazama uso wa mtoto, ndipo husema jina. Huku juu aliolewa na mwanamume mpole, mchapakazi, mzuri wa kila kitu isipokuwa jina. Aliitwa Shika Huku. Zawena alimpenda, lakini kila alipomwita gulioni, watu watatu walishika kitu.

Basi Zawena alipopata mimba alijiapiza kimoyomoyo kwamba mtoto wake hatakwenda duniani na jina la namna hiyo. Alikuwa na jina tayari. Alilichagua mwenyewe, akalitunza miezi yote, hakumwambia mtu, hata mumewe. Alilala nalo na kuamka nalo.

Akajifungua mtoto wa kike, alfajiri, mikononi mwa Bi Kware.

Bi Kware, ndege aliyekwenda kila penye uzazi na kiota chake cha kulalia, alikuwa mkunga wa Ukunguni na ndiye aliyekaa kizingitini kusikiliza neno la kwanza. Alikuwa na masikio makali na mdomo mwepesi. Neno likimfikia yeye, limekwisha kufika kijiji kizima. Hakuna aliyewahi kumwambia Bi Kware "subiri, sijamaliza" akafaulu. Palikuwa na mtoto mmoja aliyeitwa Sijamaliza.

Gogo lilikuwapo. Upepo ulikuwa umeuangusha mzambarau mkubwa bondeni, karibu na kijito, ukakauka ukiwa umelala. Shika Huku alikwisha kuukata kwa shoka na kupata gogo la urefu unaotakiwa, nene kiasi kwamba watu wawili wakilikumbatia hawashikani vidole. Baada ya hapo hakuruhusiwa kuligusa. Desturi ilisema baba wa mtoto ameshatoa mchango wake.

Wakajitokeza watatu wa kulileta.

Wa kwanza alikuwa Nyati. Alikuja na mtarimbo, kile chuma kirefu cha kung'olea mawe, ameubeba begani kama mtu anayekwenda kupigana na mlango. Alisema anataka mtoto aitwe Mbabe. Akaambiwa ni mtoto wa kike. Akasema sawa, Mbabe.

Wa pili alikuwa Nyani. Yeye alikuja na kulabu, mti mrefu wenye ndoana ya chuma ubavuni, ambayo huuma gamba la gogo kisha ukivuta mpini gogo linageuka. Kabla ya kugusa kitu alilizunguka gogo, akafumba jicho moja, akatoa hotuba kuhusu mwinamo wa ardhi. Jina lake alikwisha kulitayarisha: Mjukuu wa Nyani Mkuu wa Ukoo wa Nyani. Alilifanyia mazoezi njia nzima ili limtoke kwa pumzi moja.

Wa tatu alikuwa Muhanga, yule mchimbaji wa mashimo mwenye masikio marefu na haya nyingi. Yeye alikuja na kabari, kipande cha mti kilichochongwa, kinene nyuma, chembamba mbele. Walipomuuliza anataka mtoto aitwe nani, aliinamisha pua akasema: Shimo. Hakuwa anatania. Kwa Muhanga hakuna kitu kizuri duniani kama shimo; lina usalama, lina ubaridi wa kupumzisha mwili, na mtu akikukosa anajua uko wapi.

Zawena alisikia majina yote matatu kupitia upenyo wa ukuta. Mbabe. Mjukuu wa Nyani Mkuu wa Ukoo wa Nyani. Shimo. Akamtazama mtoto wake aliyelala, akamfunika masikio.

Basi kazi ikaanza, na Nyati akatangulia. Aliuchomeka mtarimbo chini ya gogo, akaulalia kwa kifua chote, akaimba:

"Gogo, gogo, twende nyumbani."

Udongo wa bondeni ulikuwa na unyevu. Gogo halikupanda; mtarimbo ndio ulioshuka, ukazama kama kijiko kwenye uji. Nyani alikohoa, akasema angeweka jiwe la kuegemeza chuma. Nyati akasema hakuomba ushauri. Akaenda kunywa maji, akarudi na jiwe, akasema ni wazo lake. Safari hii gogo likainuka, likabingirika hatua moja kupanda mlima. Lakini ili alisukume tena ilibidi autoe mtarimbo auchomeke upya. Alipoutoa, gogo likajibu:

"Kwenu juu, kwetu chini."

Biringi, biringi, biringi, pu. Likarudi pale pale lilipokuwa, na njiani likapita juu ya kwato ya Nyati.

Akaja Nyani. Akaing'atisha kulabu kwenye gamba, akavuta, akaimba:

"Gogo, gogo, twende nyumbani."

Na kwa kweli gogo lilikwenda. Lisije likasemwa neno baya juu ya kulabu. Ni kifaa kizuri. Gogo liligeuka ubavu, likageuka mgongo, likapanda kwa madaha mpaka Nyani akaanza kutabasamu. Ila mpini ulipofika chini ilibidi aiachishe ndoana aikamatishe juu zaidi. Kufumba na kufumbua.

"Kwenu juu, kwetu chini."

Biringi, biringi, biringi, pu. Nyani aliruka, na alipokuwa angani akatoa maelezo ya kitaalamu ya kilichotokea.

Akaja Muhanga. Hakuimba kwa sauti, aliimba puani. Akaisukuma kabari chini ya gogo upande wa bondeni, akaigonga kwa jiwe mpaka ikakaza, kisha akakaa. Wakangoja. Kivuli kikasogea. Shika Huku, aliyekuwa amesimama mbali kama desturi ilivyotaka, akauliza kwa upole kama kuna maendeleo.

"Halijarudi," alisema Muhanga.

Ilikuwa kweli. Halikurudi, kwa kuwa halikuwa limekwenda popote.

Sasa mtu mwenye akili timamu angeona pale pale. Mtarimbo unainua, kulabu inageuza, kabari inazuia. Na waliona. Nyati aliona, Nyani aliona, Muhanga aliona kabla yao wote. Lakini kila mmoja alihofia kwamba akikubali kifaa cha mwenzake kiguse gogo, jina litaponyoka. Basi Nyati akiinua, Nyani anatazama ndege. Nyani akigeuza, Muhanga anaficha kabari mgongoni. Muhanga akizuia, Nyati anaukalia mtarimbo wake kana kwamba ni kigoda.

Huko juu moto ulikuwa unapungua. Vijiti vya kuwashia vilikwisha. Bi Kware alichoma ufagio uliochakaa, akachoma kapu lenye tundu, akasimama akikitazama kiota chake kwa uchungu. Akamwambia Zawena habari zote za bondeni, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, akaongeza kwamba kwa anavyoona yeye huyu ni Majivu wa Nne.

Zawena hakulia. Aliketi akafikiri. Mwanamke wa uzazi haruhusiwi kutoka nje, lakini hakuna desturi iliyowahi kutungwa ya kumzuia kufikiri. Wangeitunga kama wangewahi kudhani inahitajika. Alimtuma Bi Kware awaite wale watatu waje ukutani. Wakaja, wamejaa matope, kila mmoja ameshika kifaa chake kwa mikono yote.

"Shemeji Nyati," alisema Zawena kupitia upenyo, "desturi inasema jina ni la mwenye kifaa kilichovusha gogo nini?"

"Kizingiti, shemeji."

"Inasema kilichopandisha gogo mlima?"

Nyati alifikiri. Unamjua Nyati akifikiri. Ilichukua muda, na mkia ulishiriki.

"Haisemi."

"Basi mlimani hakuna jina. Jina liko mlangoni. Mnagombania nini huko chini?"

Nyani alisema ndilo hasa alilokuwa akijiandaa kulisema, ila hakupewa nafasi. Muhanga akaitoa kabari mgongoni.

Wakashuka tena bondeni, safari hii wote kwa pamoja. Nyati akaweka jiwe, akaegemeza mtarimbo, akainua. Nyani akaikamatisha kulabu, akageuza. Gogo likapanda hatua, na kabla halijapata wazo la kurudi, Muhanga akaisukuma kabari nyuma yake.

"Gogo, gogo, twende nyumbani."

"Kwenu juu, kwetu ch..."

Kabari ikalinyamazisha.

Wakahamisha jiwe, wakaanza tena. Inua, geuza, zuia. Inua, geuza, zuia. Inua, geuza, zuia. Wakapita kwenye migomba, wakapita nyuma ya nyumba ya mzee Bado Kidogo, aliyetoka kuwaambia wamekaribia. Kila waliposimama kupumua, Muhanga peke yake ndiye aliyekuwa anafanya kazi, yaani kabari yake, na ikawa mara ya kwanza maishani mwake kusikia Nyati akimwambia mtu "asante, bwana." Masikio yake yalisimama njia yote iliyobaki.

Wakafika uani. Wakaligeuza gogo likaelekeza kichwa mlangoni. Na hapo, mbele ya kizingiti, urafiki ukaisha.

Kila mmoja alisema sasa wenzake wakae pembeni. Wakapiga makelele. Ndani, moto ulikuwa umebaki kaa moja jekundu, na Bi Kware alikuwa ameanza kunyofoa kiota chake, unyasi mmoja mmoja, akiupa kila unyasi maneno ya buriani.

Nyati akajaribu peke yake. Aliinua kichwa cha gogo juu ya kizingiti, likapanda vizuri. Akashusha, likashuka pale pale.

Nyani akajaribu peke yake. Alikamata, akavuta, gogo likageuka mahali pake kama mtu anayejigeuza kitandani, wala halikusogea mbele hata unywele.

Muhanga akajaribu peke yake. Aligonga kabari nyuma ya gogo, akakaa.

"Halijarudi," alisema.

Wakatazamana. Wakajaribu wote watatu, kwa shingo upande. Nyati akainua kichwa cha gogo, Muhanga akaweka kabari chini yake lisishuke, Nyani akalikamata kwa kulabu akalivuta mpaka gamba likabanduka. Gogo likawa limeinua kichwa juu ya kizingiti, linatazama ndani, na halikutaka kuingia. Mtarimbo unainua, kulabu inageuza, kabari inazuia, lakini hapakuwa na kitu cha kulibeba. Tumbo la gogo lilikuwa linasaga ardhi na kichwa kinasaga kizingiti, na kadiri walivyosukuma ndivyo lilivyojichimbia.

Zawena alikuwa ameketi upande wa pili wa kizingiti, mtoto mapajani. Alikitazama kile kichwa cha gogo kama unavyomtazama mgeni aliyesimama mlangoni bila kusema shida yake. Kisha akamlaza mtoto kwenye mkeka, akasimama taratibu, maana mwili ulikuwa bado unauma, akaenda kwenye kona ya jiko. Pale palikuwa na kinu, na ndani ya kinu palikuwa na mchi. Ulikuwa mchi wa mpingo, mnene, wa mviringo kamili, umelainishwa na viganja vyake mwenyewe kwa kutwanga mahindi ya kijiji kile tangu aolewe.

"Shemeji Nyati," alisema, "inua tena, usishushe mpaka nikwambie. Muhanga, toa kabari yako."

Nyati akainua. Muhanga akatoa. Zawena akaupitisha mchi chini ya kichwa cha gogo, ukalala kwa kukingama juu ya kizingiti.

"Shusha polepole. Sasa wekeni vifaa vyenu chini, msukume kwa mabega."

Kama wasingekuwa wamechoka, Nyani angeuliza swali. Walikuwa wamechoka. Nyati akautupa mtarimbo matopeni, Nyani akaiegemeza kulabu ukutani, Muhanga akaiweka kabari mahali ambapo hataisahau, yaani akaikalia, kisha akakumbuka anatakiwa kusukuma akainuka. Wakaweka mabega nyuma ya gogo, wakasukuma.

Mchi ukabingirika. Gogo likapanda mgongoni mwa mchi, likateleza ndani kwa sauti ndogo, ku, ku, ku, kama mtu anayebisha hodi akiwa tayari sebuleni. Lilikwenda kwa urahisi hivi kwamba wale watatu walianguka kifudifudi nyuma yake. Kichwa cha gogo kikafika mafigani, kikagusa lile kaa la mwisho. Moshi. Moshi tena. Mwali.

Na Nyati, akiwa amelala chini, akasema:

"Mgongo wangu."

Bi Kware alikuwa amekwisha kutoa kichwa nje ya mlango. "Jamani, mtoto ameitwa Mgo..."

Zawena akamshika mdomo.

Hakusema kitu. Kumbukeni, hakuweza kusema kitu. Kama kifaa kilichovusha gogo ni chake, basi neno lake la kwanza ndilo jina la mtoto, na angesema "hapana," "ngoja" au "nyamaza," mtoto angeitwa hivyo mpaka kaburini. Alimshika Bi Kware mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaonyesha chini ya gogo.

Bi Kware akatazama. Mtarimbo uko wapi? Matopeni. Kulabu iko wapi? Nje, ukutani. Kabari iko wapi? Uani, na alama za makalio ya Muhanga pembeni. Na chini ya gogo, upande huu wa kizingiti, kulikuwa na nini? Mchi.

"Mchi wa nani huu?" aliuliza Bi Kware alipoachiwa mdomo.

Zawena akainua mkono.

Ndipo kelele zikaanza. Nyani alisema mchi si kifaa cha magogo, ni kitu cha jikoni, na kwamba mtarimbo una hadhi yake, kulabu ina hadhi yake, hata kabari, kwa huruma, ina hadhi yake, lakini hajawahi kusikia mchi ukihesabiwa. Nyati alisema yeye tayari amesema, na alichosema kimesikika. Bi Kware, aliyekuwa na neno mdomoni lililokatika katikati, alikuwa anateseka kama mtu mwenye chafya isiyotoka.

Shika Huku alikuwa amesimama mlangoni. Siku nzima hakuwa amesema zaidi ya maneno mawili matatu. Sasa akasema kwa sauti ile ile ya upole:

"Gogo langu mimi lilivushwa kwa mpini wa jembe. Hakuna aliyeuliza hadhi ya mpini. Nikaitwa Shika Huku, nimeitika mpaka leo. Kama mpini wa jembe ulitosha kunipa jina hili, mchi unatosha."

Nani angembishia? Jina lake lenyewe lilikuwa limesimama pale mlangoni, limevaa shati. Bi Kware akatikisa kichwa kukubali. Mchi ni kifaa. Jina ni la Zawena.

Lakini msidhani mambo yaliishia hapo. Nyani hakuwa mtu wa kushindwa kimyakimya. Alimgeukia Zawena kwa sura ya huruma, akamuuliza kama hajaumia kuinama vile na uzazi wake mbichi. Zawena akatikisa kichwa. Nyati, ambaye hakuwa na hila yoyote, aliomba maji. Zawena akaonyesha mtungi kwa kidole. Bi Kware mwenyewe, kwa mazoea tu, akauliza kama mtoto ameshanyonya. Midomo ya Zawena ilifunguka. Watu wote uani wakanyoosha shingo.

Akaifunga.

Akaketi. Akachukua kata ya uji, akanywa, akafuta midomo. Akamnyanyua mtoto, akamweka mapajani, akamfunua uso. Mwali wa gogo ulikuwa umepanda sasa, na chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha kumwona mtu vizuri. Akamtazama. Akangoja mpaka Nyati alipoacha kuhema, mpaka Nyani alipokosa la kuuliza, mpaka ndani ya nyumba ile ikasikika sauti ya moto peke yake. Yeye alikuwa ameshahema vya kutosha alfajiri ile, wakati hakuna aliyekuwa akihesabu majina.

"Tunu," alisema.

Bi Kware hakupiga kelele. Kwa mara ya kwanza tangu awe mkunga, alilirudia neno kwanza, polepole, kuhakikisha. Kisha akatoka nje akalitangaza, na nyumba kwa nyumba watu wakalipokea wakidhani labda wamesikia vibaya, maana halikuwa na maumivu ndani yake.

Shika Huku aliingia akachuchumaa mbele ya mtoto. "Tunu," alisema. Akasema tena, "Tunu." Kisha mara ya tatu, akicheka, kama mtu aliyepewa tunda asilolijua na limekuwa tamu. Hakuna aliyeshika kitu.

Nyati alisema ni jina zuri kwa mtoto ambaye si mbabe. Nyani alisema tangu mwanzo alikuwa anapendelea majina mafupi. Muhanga alifuta pua, akasema Tunu si baya hata kidogo, ila yeye mpaka leo haelewi watu wana ugomvi gani na Shimo.

Desturi ya Ukunguni haikufutwa. Desturi hazifutwi, zinachoka tu. Baada ya hapo wanaume walikaa kikao kuamua kama mchi uendelee kuhesabiwa, na wanawake wakasema kikao kiendelee, wao wanakwenda kutwanga, na kama mchi si kifaa basi leo hakuna ugali. Kikao kilifungwa kabla ya mchana. Tangu siku hiyo kila mjamzito wa Ukunguni anaweka mchi wake karibu na mlango, na vijana wa sasa wana majina ya kutamkika.

Fundisho ni hili. Ukienda kwenye gogo, litazame gogo, utazame ardhi, ndipo uchague kifaa. La kuinua, inua kwa mtarimbo na jiwe lake. La kugeuza, geuza kwa kulabu. La mtelemko, usiliache bila kabari nyuma. La kwenda mbele, lipe kitu cha mviringo chini yake. Anayechagua kifaa kwa sababu kinampendeza begani, huyo hajaenda kwenye kuni, ameenda kutazamwa. Na anayemnyima mwenzake nafasi kwenye gogo kwa kuogopa kunyang'anywa sifa, atakaa na sifa zake bondeni, na gogo lake, na baridi.

Hadithi yangu nimeipandisha mlima, nimeifikisha masikioni mwenu. Iliyobaki ni ya kusukuma kwa mabega.

Na mimi mwenyewe nilikuwapo Ukunguni siku ya arobaini, nikala ubwabwa. Mzee mmoja alinikaribisha pembeni yake kwa adabu, nikamuuliza jina lake ili nimshukuru. Akasema, "Maji Yako Wapi." Nikainuka nikaenda kumchotea. Niliporudi, sahani yangu ilikuwa tupu.